Nati ya Kila Ndugu

Bolti ya tatu ya sanduku la hamsini na nane ilizunguka bila kukaza.

Damari Kiula akaishika spana vizuri, akajaribu tena. Haikupanda wala kushuka. Ilizunguka pale pale, kama mgeni aliyeaga tangu mchana na bado amesimama mlangoni anasimulia. Akaiacha akaenda ya nne, ikashika. Ya tano ikashika. Ya sita ikazunguka.

Akavua glavu, akaweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa baridi kama linavyotakiwa kuwa. Chini ya kiganja kile alilala mwalimu Kitundu, aliyefundisha nusu ya kijiji kuandika na nusu nyingine kukimbia viboko. Alikuwa katika mwaka wa tatu wa usingizi wake. Ilibaki sita.

Ghala lilichimbwa ndani ya jabali, mojawapo ya yale majabali ya Singida yanayokaa juu ya ardhi kana kwamba kuna aliyetua mzigo akausahau. Humo masanduku mia na arobaini yalipangwa kwa safu, kila moja na mtu wake. Nje, ziwa lilikuwa limekwisha, limebaki chumvi, na upepo ulikuwa hauna kazi nyingine ila kuisambaza chumvi hiyo nyumba kwa nyumba bila kuagizwa. Kisima kilitoa lita mia nne na ishirini kwa siku, na hakikuongeza hata siku ya harusi. Watu sitini waliobaki macho walipata lita saba kila mmoja. Wengine wote walikubali kulala mpaka maji ya chini ya ardhi yajae tena, maana kuamka na kiu kila siku kwa miaka tisa si kuishi.

Kulala kulikuwa na sharti moja. Damu ya mtu huipokea dawa ya usingizi mara moja tu. Ukiamka, umeamka.

Masanduku yaliletwa na wenye ujuzi wao, pamoja na kitabu kilichoandikwa kwa lugha tatu ambazo hakuna hata moja iliyojulikana kijijini. Damari alitazama michoro yake, akafunga kitabu, akafanya kazi. Alikuwa fundi bati tangu usichana wake na bati halikuwahi kumficha jambo.

Kila sanduku lina mabati mawili, la nje na la ndani, na katikati yake kuna ukungu wa baridi, ule unaomweka mtu usingizini baada ya dawa. Mkono haufiki nyuma ya bati la nje, kwa hiyo nati ya kawaida haina wa kuishikilia. Hapo ndipo inapotumika nati ya ribiti. Ni kitu kidogo kama ushanga mrefu. Kina kola kama ya mchungaji, kina kiuno chembamba, na ndani kina meno ya kupokea bolti. Unaipenyeza tunduni kwa mbele, unaivuta kwa mashine ya mkono, na kiuno kinafura nyuma ya bati. Kola mbele, tumbo nyuma, bati limebanwa katikati. Baada ya hapo ni bolti za funiko tu, kufunga na kufungua.

Kuchagua ndiko kunakotaka akili. Ukichukua fupi, itafura ndani ya tundu lenyewe na kulipasua bati. Ukichukua ndefu, tumbo litafura mbali na nati itabaki inacheza. Ya chuma cha kawaida kwenye bati la alumini, penye chumvi, vitalana kama wake wenza. Yenye kisogo wazi itavujisha ukungu. Damari alichagua za alumini, zilizozibwa kisogo, zenye mikunjo ubavuni ili zisizunguke, za bati la milimita mbili. Alichagua vizuri. Hapo hakukosea.

Alikosea kwa huruma.

Siku ya kumlaza mtu wa kwanza, mjane mmoja alichana ukanda wa kanga yake akamwomba Damari aufungie hapo, ili mwanawe asilale peke yake. Damari akaukunja, akauweka chini ya kola ya nati, akavuta. Ikakaa. Ncha ya kanga ikabaki inaning'inia nje, nyekundu, na watu wakalia vizuri. Siku ya pili kila familia ilikuja na kitambaa. Siku ya tano ikawa desturi, na ikapata masharti yake kama kila desturi: kila ndugu nati yake, wakubwa upande wa kichwa, wakwe upande wa miguu. Kuna mashangazi wawili waliokosana mpaka leo kwa sababu ya nati ya juu kulia.

Na nati, masikini, ilikuwa imeng'ata nguo. Ilipovutwa ilikaza mkononi kama iliyoshika bati, kumbe iliyoibana ilikuwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Miaka mitatu ya unyevu na chumvi ikaila ile kanga taratibu. Sasa pale palipokuwa na nguo palikuwa na nafasi.

Mwalimu Kitundu alikuwa na ndugu kumi na mmoja, na wote walikuja. Damari alisimama mbele ya sanduku lake akizitazama zile ncha za vitambaa, akaelewa kwamba waliopendwa sana ndio aliowafunga vibaya zaidi.

*

Mwenyekiti Msengi aliwapokea Damari na nesi katika chumba cha mita za maji. Chumba kilikuwa na kiti kimoja, naye alikuwa amekikalia. Nesi Yunisi, aliyekuwa akiwaangalia waliolala, alisimama karibu na dirisha mikono nyuma.

"Ngapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Nimejaribu mia mbili," Damari akasema. "Thelathini na nne zinazunguka. Zote ni za vitambaa."

"Na zisizo na vitambaa?"

"Hakuna hata moja."

"Sasa ikizunguka, mtu anakufa?"

Nesi Yunisi ndiye aliyejibu. "Leo hafi. Nguo ikiisha kabisa, ukungu unatoka. Mtu anaamka ndani, gizani. Anagonga. Tunakuja na spana, bolti inazunguka na nati yake, haifunguki. Hewa ya mle ni ya robo saa."

Mwenyekiti aliiondoa kofia akaiweka gotini. Bila kofia alionekana mtu wa kawaida. "Basi waamsheni wote, tuanze upya."

"Dawa haiingii mara ya pili, Mwenyekiti. Na lita mia nne na ishirini kwa watu mia mbili ni lita mbili na kijiko."

"Basi badilisheni nati."

"Naweza," Damari akasema. "Nikitoa nati tundu linabaki wazi. Yunisi ananipa dakika nne kabla mtu hajaanza kuamka. Dakika nne zinanitosha kutoa ya zamani, kuweka mpya na kuvuta. Ila sijui niweke ipi. Sijui tundu limepanuka kiasi gani, sijui bati limeliwa kiasi gani upande wa nyuma. Nikiweka isiyofaa, sina dakika nne nyingine."

"Si ujaribu kwenye kipande cha bati?"

"Nimejaribu viwili. Kipande hakina miaka mitatu ndani yake."

"Uchungulie, basi. Kuna vile vioo vyembamba vya nesi."

"Kuchungulia kunataka tundu, Mwenyekiti, na saa inaanza pale pale."

Mita ya maji ukutani ilisogea namba moja, wote watatu wakaitazama, maana ndivyo macho ya kijiji yalivyokwisha kuzoea.

"Unataka sanduku moja," Mwenyekiti akasema.

"Nataka kuliona bati kwa nyuma. Ndiyo."

Alivuta daftari la waliolala. Hakulipekua, kidole kilikwenda moja kwa moja, na Damari akajua kwamba alishafika hapo kabla yao. "Mia na kumi na tatu. Mzee Mkumbo."

Mzee Mkumbo alikuwa mshona viatu. Aliingia kijijini kwa miguu mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, akitoka mahali ambapo hakupataja, na alikuwa akiimba akifanya kazi, kwa pua, vibaya, kuanzia asubuhi.

"Sheria inataka dole gumba la ndugu," Mwenyekiti akaendelea. "Asiye na ndugu, naweka mimi. Hakuna nyumba itakayolia."

"Mimi nitalia," Damari akasema.

"Wewe ni nani wake?"

"Siku ya kumlaza hakuja mtu. Nilichana kilemba changu nikamwekea nati moja."

"Unaona, basi. Hata yeye umemharibia."

"Nimemharibia moja. Nikimfungua yeye nitajua habari ya nati moja, ya nguo ya aina moja. Tutakuwa tumemwamsha mzee wa watu kwa somo la mstari mmoja."

"Nani, basi?"

"Sanduku la tisa."

Nesi Yunisi aligeuka kutoka dirishani. "Hilo ni la Eliwaza."

"Nalijua ni la nani."

"Dada yako, Damari."

"Ana nati saba. Tatu za kanga, mbili za vitenge, moja ya kaniki, moja ya shuka zito la marehemu baba. Hakuna nguo iliyotumika humu ambayo pale haipo."

"Sikuulizi nguo, nakuuliza figo. Tulimlaza kwa sababu lita saba hazimtoshi. Yule anataka tisa."

"Saba zitakatwa nusu kikombe kwa kila mtu, na mbili nitampa zangu."

"Miaka sita?"

"Ndiyo."

"Utabaki na tano, na kazi ya jua. Haya, na ukifa wewe, atapewa na nani?"

Mwenyekiti alikisogeza kidau cha wino mbele yake, haraka kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Alikuwa mtu aliyetolewa mwiba na hataki kuuliza umekwenda kuchoma mguu wa nani.

Damari alitazama dole gumba lake. Hesabu ya nati saba ilikuwa ya kweli. Angeweza kuieleza popote na fundi yeyote angemkubalia. Lakini alijijua. Kama Mzee Mkumbo angekuwa na nati saba na dada yake moja, angekaa hapo hapo atafute hesabu nyingine. Hakuweza kumchukua mtu asiye na mtu. Ilikuwa rahisi zaidi kumchukua wake.

Aliweka dole.

*

Walimfungua kesho yake, saa mbili asubuhi. Katika bolti saba za vitambaa, mbili zilikubali spana. Tano zilizunguka, ikabidi azikate vichwa kwa tindo, nyundo kwa nyundo, na kila pigo likilia ndani ya jabali lile kama mtu anayebisha hodi nyumba ya msiba. Funiko liliponyanyuka, ukungu ulimwagika sakafuni ukawafika magotini. Nesi Yunisi akaingiza mikono, akachoma sindano, wakamwinua Eliwaza pamoja wakamlaza kwenye godoro. Alikuwa mwepesi. Mwili ulikuwa umebana kope kana kwamba unakataa.

"Fanya yako," Yunisi akasema. "Huyu niachie."

Damari alichukua mkasi wa bati, akakata bati la ndani kuzunguka ukingo, akalikunjua. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kazi hii, aliona mgongo wa kazi yake mwenyewe.

Nati zisizo na vitambaa zilikuwa na matumbo ya duara, yamekaa sawasawa kama vitumbua. Angeweza kujisifu. Zenye vitambaa zilikuwa zimefura upande mmoja, zimeinama, na kuzunguka kila tundu bati lilikuwa limetoa unga mweupe. Alipukusa unga kwa kucha, akapima. Matundu aliyoyatoboa milimita tisa yalikuwa tisa na nusu. Lile la shuka la baba lilikuwa linakaribia kumi. La kaniki ndilo lililosalimika zaidi. Bati lenyewe lilikuwa limepungua, lakini si mbali: kidole kimoja kutoka tunduni lilikuwa zima kabisa.

Hapo akaona. Apanue tundu mpaka kumi na moja, apite ule ulaji wote. Achukue nati kubwa inayofuata, ya kola pana, iliyozibwa kisogo vile vile. Mbele aweke kiraka cha alumini cha milimita moja chenye gundi, ili unene uwe tatu, na nati iwe ya bati la tatu, si ya mbili. Kola itakaa juu ya kiraka kizima, tumbo litabana bati zima. Atoboe mara moja, avute mara moja. Dakika tatu. Labda mbili na nusu. Na chini ya kola asiweke kitu, hata akiombwa na askofu.

Alikuwa anatabasamu. Alijikuta anatabasamu, kalamu mdomoni, mkono unaandika vipimo ubavuni mwa sanduku, na nyuma yake dada yake alikuwa anatapika maji meupe na kutafuta pumzi. Alisikia. Alikuwa amesikia muda wote. Akaandika namba ya mwisho kwanza, ndipo akageuka.

*

Ilimchukua Eliwaza siku nne kupata sauti. Siku ya tano alikataa kulala kitandani akaomba apelekwe ghalani. Walimketisha kwenye mkeka, ameegemea jabali, kikombe chake cha maji kando. Damari alikuwa anapanga vifaa mbele ya sanduku la hamsini na nane: drili, mashine ya kuvutia, viraka vilivyopakwa gundi, nati kubwa katika bakuli. Ndiyo ilikuwa ya kwanza kubadilishwa. Nesi Yunisi alikuwa ameinama upande wa kichwa, anasikiliza moyo wa mwalimu kwa kipimo.

"Umezeeka," Eliwaza akasema.

"Imepita miaka mitatu, dada."

"Usoni kwako imepita mingi." Akanywa kidogo. "Mvua?"

"Bado."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi mbona niko macho?"

Damari alimwambia yote. Hakuficha kitu: kitambaa, nati, chumba cha mita, hesabu ya nguo saba. Akamwambia hata lile tabasamu. Dada yake alisikiliza huku anazungusha kikombe, na hakuna aliyejua kama anakasirika, kwa kuwa Eliwaza tangu utoto alikasirika kwa kunyamaza.

"Dole lilikuwa la nani?" akauliza mwishowe.

"Langu."

"Na langu lilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umelala, dada."

"Nilikuwa nimelala. Sikuwa nimekupa."

Nesi Yunisi alijishughulisha sana na kipimo chake.

"Ningekuuliza, ungekubali?" Damari akasema. Alitamani sana kujua, na aliona aibu kutamani.

"Labda ningekubali. Mimi si mtu mbaya." Eliwaza akaweka kikombe chini. "Labda ningekutukana mpaka uende kwa mwingine. Sasa hatutajua, wewe wala mimi. Figo ni zangu toka zamani, hizo sikulaumu. Ila jibu hilo umelichukua."

Damari aliokota nati moja bakulini, akairudisha.

"Kama si mimi, alikuwa awe nani?"

"Mzee Mkumbo."

"Yule anayeimba kwa pua?"

"Huyo."

Eliwaza alitazama ile safu ya mwisho ya masanduku, ambako mzee alikuwa. Kona ya mdomo ilimcheza. Haikufika mbali. "Mtamwamsha miaka sita ijayo, aanze kutuimbia. Usimwambie."

"Kwa nini, dada? Ana haki ya kujua aliponea kwa nani."

"Atakuja kunishukuru. Atanishonea viatu. Mimi sikumfanyia kitu yule, nililala tu. Ulifanya wewe, kwa vya kwangu. Sitaki mtu aje kunipigia magoti kwa wema ambao sikuutoa."

"Na kama..." Damari alisita.

"Sema. Kama nimeshakufa?"

"Ndiyo."

"Hapo ndiyo usimwambie kabisa."

Nesi Yunisi aliinua kichwa. Moyo wa mwalimu ulikuwa shwari, akasema, na kama wanaanza waanze, lakini alihitaji mikono yake yote miwili kwa sindano, na saa ya ukutani haionekani kutoka alipo. Anahitajika mtu wa kuhesabu kwa sauti. Akatazama mlangoni kama kuna mtu wa kumwita.

"Nipeni mimi," Eliwaza akasema.

"Umechoka, dada," Damari akasema.

"Nimelala miaka mitatu. Lete saa."

Yunisi akamvulia saa ya mkononi akampa. Eliwaza aliileta karibu na macho, akaigeuza kuelekea kwenye taa, akaegemeza kichwa kwenye jabali. Hakumtazama mdogo wake. Alikuwa anautazama mshale wa sekunde.

Damari akaweka ncha ya drili juu ya nati ya tatu, akavuta pumzi, akabonyeza. Unga mweupe ukaruka, ukungu ukaanza kulia kwa sauti nyembamba kwenye tundu, na nyuma yake dada yake akaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, kwa sauti ya mtu asiyesamehe na asiyekosea.